Kompyuta Kuukuu Inapolipuka, Ni Nini Hasa Kimekufa?

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika shule moja ya sekondari iliyokuwa imepokea kompyuta za mezani kutoka ng'ambo, ikazifungia stoo kwa kukosa chumba cha kuziweka, na baada ya miaka ipatayo saba ikaamua kuzitoa ili wanafunzi waanze kuzitumia. Nilifika mbili zikiwa zimekwisha kuharibika. Ya kwanza iliwaka vizuri, ikaonyesha maandishi kwenye skrini, na dakika kama kumi baadaye ikatoa mlio mfupi, mfano wa chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa, ukafuatia moshi mweupe na harufu iliyowafanya wanafunzi waseme kuna samaki ameoza. Ya pili haikusubiri hata sekunde moja: mwalimu alipoichomeka na kubonyeza swichi ulisikika mshindo kama wa fataki, na umeme wa chumba kizima ukakatika. "Fundi, hizi zina virusi," aliniambia mwalimu wa kompyuta. Mwenzake alishikilia kwamba ni umeme uliorudi kwa nguvu. Mlinzi, mzee aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kwamba vyombo vikikaa muda mrefu bila kutumika huharibika tu, ndivyo vilivyo.

Kati ya hao watatu, mzee ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, lakini neno lake "huharibika tu" ndilo ninalotaka kulifungua hapa, kwa sababu limewafanya watu wengi watupe mashine ambazo zingeweza kutengenezwa, na wengine wawashe mashine ambazo hazikupaswa kuguswa na umeme. Kila kipande ndani ya kompyuta kina namna yake ya kufa, na namna hiyo hujulikana kwa mlio, kwa harufu, kwa alama inayobaki na kwa muda uliopita tangu mashine iwashwe. Ukizisoma alama hizo vizuri, mara nyingi utakuta kilichokufa ni kipande kimoja cha bei ya soda, na sehemu nyingine zote ni nzima.

Tuanze na maneno yenyewe. Maunzi ni kila kitu cha kompyuta unachoweza kukigusa kwa mkono: ubao mama (bodi kuu inayobeba chipu), pawa saplai (boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani), diski, feni, skrini. Programu ni maagizo yanayopita ndani ya vitu hivyo. Kirusi ni programu, yaani ni maagizo mabaya, na maagizo hayana uwezo wa kupasua kopo la alumini. Nitaligusa tena jambo hili baadaye, kwa sababu kuna visa viwili vya kweli vilivyoupa uvumi huo mizizi, lakini kwa sasa tushike kwamba moshi na mshindo ni mambo ya maunzi, na mara nyingi kuliko zote ni mambo ya kapasita.

Kapasita ni nini? Fikiria simtank iliyo juu ya paa la nyumba. Maji ya bomba la mtaani huja kwa kurukaruka, leo yana nguvu, kesho yanadondoka, lakini anayefungua bomba la jikoni haoni tofauti hiyo, kwa sababu tangi limepokea yaliyokuja na linayatoa kwa utulivu. Umeme wa ukutani nao haukai sawa: huenda na kurudi mizunguko 50 kila sekunde. Chipu za kompyuta haziwezi kuishi kwa umeme wa namna hiyo. Zinataka volti 12, 5 au 3.3, au hata chini ya 2 kwa prosesa, yaani chipu kuu inayofanya hesabu zote, na zinataka volti hizo zitulie. Kapasita ndizo simtank za umeme. Kubwa mbili hukaa ndani ya pawa saplai, na nyingine nyingi ndogo, zinazofanana na vipande vya betri za saizi ndogo vilivyosimamishwa wima, huizunguka prosesa kwenye ubao mama.

Ukiifungua kapasita ya aina hii utakuta utepe wa alumini na karatasi vilivyokunjwa pamoja kama mkeka, vikaloweshwa maji ya chumvichumvi yanayoitwa elektroliti, kisha vikatiwa ndani ya kopo la alumini lenye kizibo cha mpira chini. Kinachozuia umeme usivuke kutoka utepe mmoja hadi mwingine ni ngozi nyembamba mno ya oksaidi iliyooteshwa juu ya alumini. Ngozi hiyo huponywa na umeme wenyewe kila mashine inapofanya kazi. Mashine ikikaa miaka bila kuwashwa, ngozi hudhoofika mahali fulani fulani, na siku inapochomekwa ghafla umeme huvuja mle ndani, elektroliti huchemka, gesi hujaa, na kopo huvimba. Hapo ndipo maneno ya yule mzee wa mlangoni yana ukweli wake: kukaa bila kutumika ni jeraha kweli kwa kapasita.

Joto ni jeraha la pili, na katika miji ya pwani yetu ndilo kubwa. Mafundi hufuata kanuni moja ambayo inafaa kuikariri: kila nyuzi 10 unazopunguza, umri wa kapasita huongezeka maradufu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itadumu takriban saa 32,000 ikifanya kazi kwenye nyuzi 65, yaani zaidi ya miaka 10 kwa ofisi inayoiwasha saa 8 kila siku. Hesabu hiyohiyo inageuka laana pale feni inapozibwa na vumbi: nyuzi zikipanda kutoka 65 hadi 85, umri hushuka hadi robo. Anayepuliza vumbi kila baada ya miezi michache anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Lakini kuna kapasita zilizokufa kabla ya wakati wao bila kosa la mtumiaji yeyote, na kisa chake ni kikubwa katika historia ya maunzi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na zaidi baada ya mwaka 2000, kompyuta mpya zilianza kufa kwa wingi zikiwa na umri wa miaka miwili au mitatu tu. Kapasita zilizoizunguka prosesa zilivimba vichwa, zikapasuka, zikatoa utomvu wa kahawia. Mwaka 2002 magazeti ya wahandisi yalianza kuliandika tatizo hilo waziwazi. Chanzo chake kilikuwa kwenye elektroliti. Watengenezaji walikuwa wamehamia elektroliti yenye maji mengi, kwa sababu elektroliti ya namna hiyo hupitisha umeme vizuri na bei yake ni nafuu. Ubaya ni kwamba maji huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, isipokuwa yawe yamechanganywa na dawa maalumu za kuzuia ulaji huo. Baadhi ya viwanda vya Taiwan vilitengeneza elektroliti ambayo dawa hizo hazikukamilika. Wakati huo ilisimuliwa kwamba mchanganyiko wa kampuni moja ya Japani uliibwa na mwizi akaondoka na nusu ya maelezo. Hadithi hiyo imeenea sana, lakini haikuwahi kuthibitishwa mahakamani, nami naona si lazima kuishikilia: kemia ya maji na alumini inatosha kueleza yaliyotokea.

Hasara yake ilikuwa ya kutisha. Kampuni ya Dell peke yake ilitangaza mwaka 2005 kwamba imetenga dola milioni 300 kwa ajili ya kushughulikia kompyuta zake za OptiPlex zilizoathirika, na watengenezaji wengine wakubwa walikutwa na tatizo hilohilo. Kompyuta za ofisini za miaka hiyo ndizo zilizokuwa zikistaafishwa Ulaya na Marekani na kuingia katika biashara ya mitumba, kwa hiyo mtu anayefungua mashine ya umri huo leo hana budi kuanza kwa kutazama vichwa vya kapasita. Juu ya makopo mengi kuna mikwaruzo yenye umbo la msalaba au la herufi K. Wengi hudhani ni nembo. Ni mahali palipodhoofishwa kwa makusudi, ili gesi ikizidi kopo lipasuke kwa upole juu badala ya kuruka kama risasi. Kichwa kikiwa bapa kama sarafu, kapasita ina matumaini. Kikiwa kimepanda kama andazi linaloiva, imekwisha, hata kama mashine bado inawaka.

Hii ndiyo iliyokuwa hali ya kompyuta ya kwanza pale shuleni. Kapasita 5 pembeni mwa prosesa zilikuwa zimevimba, na moja kati yake ilikuwa imefunguka kama ua, karatasi yake ikichungulia nje. Harufu ile ya samaki ilikuwa ya elektroliti. Dakika kumi zilizopita kabla ya mlio zilikuwa muda uliohitajika kwa joto la ndani kupanda hadi kopo lishindwe kulihimili.

Ile ya pili ilikufa kifo kingine kabisa, na kifo hicho naomba kila anayenunua kompyuta ya mtumba akielewe, kwa sababu kinaweza kuzuiwa kwa ncha ya bisibisi. Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wa nyumbani Marekani ni wa volti 120, wakati wa kwetu Afrika Mashariki ni wa 230 hadi 240. Swichi ikiwa kwenye 115, saketi ya ndani hujipanga kuongeza volti maradufu, kwa kuzijaza zile kapasita mbili kubwa moja baada ya nyingine, kila moja ikipokea kilele chote cha umeme wa ukutani. Kilele cha umeme wa volti 120 ni takriban 170, na kapasita zenyewe zimeandikwa 200, kwa hiyo Marekani mambo huenda salama. Kilele cha umeme wa volti 230 ni takriban 325. Kapasita ya volti 200 inayopewa 325 haina muda wa kuvimba. Hupasuka papo hapo, wakati mwingine pamoja na fyuzi na kipande cha kinga kilicho karibu yake. Niliipindua ile mashine, nikamwonyesha mwalimu swichi. Ilikuwa kwenye 115. Alinyamaza kidogo, kisha akaenda mwenyewe kuzipindua zilizobaki moja moja, na nyingi zilikuwa vilevile. Kuharibika kwa ile mashine ya pili hakukuwa na uhusiano wowote na uzee wala na umeme kurudi kwa nguvu.

Hapa niweke onyo kabla ya kuendelea. Kapasita hizo mbili kubwa hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na umeme huo unaweza kumuua mtu. Asiyejua kuzimaliza umeme asifungue boksi la pawa saplai. Vilevile asifungue skrini ya zamani ya kisogo kikubwa, ambayo ndani yake kuna maelfu ya volti, katika za rangi yapata 25,000, na chupa ya kioo isiyo na hewa ambayo ikipasuka hujikunja kwa ndani na kutawanya vipande.

Mashine za zamani zaidi, za miaka ya 1980, zina aina mbili nyingine za kapasita zenye tabia mbaya. Moja ni ya tantalamu, yenye umbo la tone na ukubwa wa punje ya kunde, mara nyingi ya rangi ya njano au buluu. Ndani yake kuna unga wa chuma cha tantalamu uliofunikwa na oksaidi, na juu yake manganizi dayoksaidi. Ikipata mpenyo, yaani umeme ukivuka oksaidi hiyo, tantalamu huwaka kama kuni kavu, na kwa kuwa manganizi dayoksaidi hutoa oksijeni inapopata joto, moto huo hujilisha wenyewe. Ndiyo maana unaona cheche, unasikia mlio mkali, kisha punje nzima inakuwa jivu jeusi. Kompyuta za kwanza za IBM PC, zilizotoka mwaka 1981, zinajulikana kwa kisa hiki katika njia ya volti 12. Wakati mwingine hakuna cheche: ncha mbili za kapasita huungana tu kwa ndani, pawa saplai hugundua hatari na kukataa kuwaka, na mwenyewe hudhani mashine yote imekufa. Tantalamu hupatikana kwenye madini ya koltani, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka mashariki mwa Kongo, pamoja na migodi ya Rubaya huko Kivu Kaskazini, na pia Rwanda. Wachimbaji wengi wa huko wanazungumza Kiswahili hikihiki, na huwa naliwaza hilo ninapoing'oa punje moja iliyoungua.

Aina ya pili ni kapasita ya karatasi iliyofunikwa plastiki angavu ya rangi ya asali, ambayo mafundi duniani kote huiita Rifa kwa jina la kampuni ya Uswidi iliyozitengeneza. Huwekwa pale umeme wa ukutani unapoingia, kazi yake ikiwa ni kuchuja kelele za umeme. Plastiki yake hupata nyufa kama za udongo uliokauka, unyevunyevu wa hewa huingia hadi kwenye karatasi, na baada ya miaka mingi, dakika chache tu tangu kuchomekwa, hutoa moshi mzito unaojaza chumba na harufu inayokaa siku nzima. Kompyuta za Apple II na BBC Micro zinajulikana sana kwa moshi huu. Jambo la kushangaza ni kwamba, mara nyingi, kompyuta yenyewe huendelea kufanya kazi wakati moshi ukitoka, kwa kuwa kichujio hicho si sehemu ya njia kuu. Mtu anaona wingu la moshi na anahesabu hasara ya mashine nzima, kumbe kinachotakiwa ni kapasita moja mpya.

Kuna pawa saplai nyingine ambazo hazilipuki zenyewe bali huua wengine. Boksi la umeme la Commodore 64, kompyuta iliyotoka mwaka 1982 na kuuzwa kwa mamilioni, lilijazwa gundi ngumu ndani, hivyo joto halikuwa na pa kutokea. Likizeeka, njia yake ya volti 5 hupanda kupita kiasi kimyakimya, na chipu za kumbukumbu huungua bila moshi wala mlio. Ndiyo sababu wanaozitunza mashine hizo hupima boksi kwanza, au hulitupa na kununua la kisasa, kabla ya kuligusisha na kompyuta.

Betri nazo hufa kimya, na kwa macho yangu uharibifu wake ndio unaosikitisha zaidi. Kompyuta nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikiwemo Amiga 500 Plus na bodi nyingi za prosesa za 386 na 486, zilikuwa na kijibetri cha nikeli na kadimi kilicholehemiwa moja kwa moja kwenye ubao ili saa isipotee. Kinapozeeka, hutoa maji makali ya alkali. Maji hayo hutambaa juu ya ubao, hupenya chini ya rangi ya kijani, huila shaba ya njia za umeme na kuacha unga wa rangi ya samawati. Nimewahi kuufungua ubao wa namna hiyo ambao kwa mbali ulionekana mzima. Nilipogusa njia moja kwa ncha ya sindano ikabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake hapakuwa na chuma chochote. Kwa kuwa maji hayo ni alkali, siki au maji ya ndimu huyatuliza, na baada ya hapo ubao husafishwa kwa maji yasiyo na chumvi, kisha spiriti, na kukaushwa vizuri. Dawa hiyo ni ya betri za nikeli na kadimi pekee. Betri za lithiamu za volti 3.6 zilizokuwa ndani ya kompyuta za Macintosh za zamani kama SE/30 zina kemia nyingine. Zikipasuka hurusha ukali unaokula hata fremu ya chuma, na uharibifu wake mara nyingi hauna tiba. Anayehifadhi kompyuta ya zamani na hajaondoa betri yake anahifadhi hasara.

Kwenye diski ngumu, msiba hutokea kwa ukaribu ambao jicho haliwezi kuuona. Karatasi iliyodondoka juu ya sakafu laini huteleza mbali kwa sababu ya hewa iliyonaswa chini yake. Kichwa cha kusomea cha diski huelea juu ya sahani kwa kanuni hiyohiyo, huku sahani ikizunguka mara 7,200 kwa dakika katika diski nyingi. Katika diski za mwaka 2000 umbali huo ulikuwa makumi machache ya nanomita, wakati unene wa unywele mmoja unafika makumi ya maelfu. Kichwa kikigusa sahani, hukwangua utando wa sumaku ambao ndio wenye kumbukumbu zote, na unga unaotoka hukwangua zaidi. Diski ya IBM Deskstar 75GXP, iliyotoka mwaka 2000, ilipata sifa mbaya kwa jambo hili hata kampuni ikashtakiwa na kundi la wateja. Sahani zake zilikuwa za kioo, na katika zilizokufa vibaya utando wote ulikwanguliwa, ukabaki mduara wa kioo unaopenyeza mwanga kama dirisha, mahali ambapo hapo awali palikuwa na picha na barua za mtu. Kutoka hapo hakuna fundi anayeweza kurudisha kitu. Kwa hiyo diski ikianza kugonga tiki, tiki, izime mara moja. Ushauri wa kuiweka kwenye friza, unaosikika hadi leo, huleta umande juu ya sahani, na umande ni mbaya kuliko vumbi. Kuifungua mezani ili uitazame ni kuimaliza, maana chembe moja ya vumbi ni mlima mbele ya kichwa kile.

Prosesa ziliwahi kuungua pia. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ambamo kipozajoto kiliondolewa juu ya prosesa ya AMD Athlon ikiwa kazini. Ndani ya sekunde chache ilipita nyuzi 300 na kutoa moshi, huku prosesa ya Pentium 4 katika jaribio hilohilo ikipunguza tu kasi yake na kubaki hai. Tangu hapo prosesa zote kubwa hujilinda zenyewe, na prosesa iliyoungua kwa joto ni nadra kuliko watu wanavyosema. Sahani za CD nazo zilipasuka ndani ya draivu zenye kasi ya 52, yaani mara 52 ya kasi ya CD ya muziki, kwa sababu ukingo wa sahani ulikuwa ukienda zaidi ya kilomita 220 kwa saa na ufa mdogo katikati ulitosha. Aliye na draivu hizo aikague CD yake kabla ya kuitia.

Sasa turudi kwa virusi. Kisa cha kwanza kilichouzaa uvumi ni cha kirusi CIH, kilichojitokeza mwaka 1998 na kushambulia tarehe 26 Aprili 1999. Katika baadhi ya bodi kiliweza kufuta maagizo ya kuamshia mashine yaliyomo kwenye chipu ya BIOS, na kompyuta haikuwaka tena. Kwa mtumiaji ilionekana kama imeungua, lakini hakukuwa na kilichoungua: chipu ikiandikwa upya, mashine ilifufuka. Kisa cha pili ni cha kompyuta ya Commodore PET ya mwaka 1977. Waandishi wa programu waligundua kwamba amri ya POKE 59458,62 iliharakisha uandishi kwenye skrini. Matoleo ya baadaye yalipokuja na saketi nyingine ya skrini, amri hiyohiyo ikawa na uwezo wa kuidhuru skrini yenyewe. Kwa hiyo ni kweli kwamba zamani sana programu iliweza kukiumiza chuma, katika mashine chache na kwa njia za kipekee. Kompyuta ya mezani inayotoa moshi leo haina kirusi kinachohusika na moshi huo.

Umeme kurudi kwa nguvu nao ni kweli, na huua pawa saplai kila mwaka, hasa pale vifaa vyote vya jengo vinapoachwa vimewashwa wakati umeme umekatika. Kinga yake ni rahisi: umeme ukikatika, chomoa, na usirudishe plagi mpaka taa zimekaa dakika chache bila kupepesa. Stabilaiza husaidia volti zinapopanda na kushuka polepole. Kwa mshtuko wa ghafla inachelewa.

Mashine iliyokaa stoo miaka mingi isichomekwe moja kwa moja. Ifunguliwe kwanza, itazamwe kwa kurunzi, inuswe, betri iondolewe, swichi nyekundu isomwe. Kisha pawa saplai ijaribiwe peke yake kupitia balbu ya zamani ya filamenti, ya wati 60 au 100, iliyounganishwa kwa mfululizo katika waya mmoja wa umeme. Kazi hii ifanywe na fundi. Balbu ikimetameta mara moja kisha ikafifia, kapasita kubwa zimejaa na hakuna mpenyo. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna kitu kimeungana, na balbu imeupokea umeme ambao ungekipasua.

Pale shuleni zilibaki mashine 14. Tulizipanga mezani, nikaning'iniza balbu moja kwenye ubao mdogo wa soketi, na mwalimu akawa anazichomeka huku wanafunzi wakihesabu kwa sauti. Kwa pawa saplai 12 balbu ilimetameta na kuzima. Kwa mbili iliwaka ikatulia, nami nikazitoa bila moshi wala mshindo. Zile kapasita 5 za mashine ya kwanza nilizibadilisha jioni hiyohiyo kwa kulehemu, kila moja upande wake wa hasi ukielekea pale ulipochorwa. Mwalimu aliiwasha mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini, na kengele ya kufunga shule ikagongwa maandishi yakiwa bado kwenye skrini.